Sake na Sambaza kwa Mama Jeanne

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimemshinda Gaël. Naandika kabla raha haijapoa!

Kikao kilikuwa Rosebank, hapa Johannesburg, kwenye mgahawa wetu, kabla ya kufunguliwa kwa wateja. Gaël ndiye anayeingiza sake nchini. Mtu wa Lubumbashi, viatu vinang'aa, kila sentensi anaianza na "vraiment", kweli kweli ya Kifaransa. Yeye anaileta, mimi ndiye ninayeichagua na kuimimina. Wajapani wenye mgahawa walinipeleka kusomea hii pombe yao ya mchele, nikafaulu vizuri, na sasa mteja akiuliza anywe ipi wahudumu wanasema: ngoja tumwite Murielle. Napenda wanavyolisema hilo jina.

Habari yenyewe: mtengenezaji wa sake anakuja mwenyewe kutoka Japani! Bi Morikawa. Kwao ni Akita, huko kaskazini kwenye theluji. Gaël anataka hoteli ya Sandton, sushi, na mtu wa kupiga piano. Nikasema hapana. Sushi watu wa Sandton wanakula kila Ijumaa. Mama wa watu amevuka dunia, halafu tumpe chakula cha kwao kilichopikwa na wasio wa kwao? Tumpeleke Yeoville. Sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, sombe ya majani ya muhogo, bugali. Tuone sake yake itaelewana vipi na jikoni kwetu.

Gaël akacheka. Sake na sombe? Vraiment, Murielle.

Sikubishana. Nilikuwa na sombe ya jana kwenye kibakuli, chakula changu cha mchana. Nikaipasha, nikamimina ile sake kavu ya baridi, kikombe kidogo tu. Kula kwanza, nikamwambia, halafu kunywa. Mawese yanaganda ulimini, si ndiyo? Basi ile sake inapita inayaondoa taratibu, na majani yanabaki peke yake, matamu, kama ndiyo kwanza umeanza kula.

Alikimaliza kibakuli chote. Chakula changu! Nimeshinda na njaa — lakini nimeshinda.

Jumamosi tarehe 23. Wageni thelathini. Kwa Mama Jeanne, Rockey Street. Ambaye bado hajui.


Alhamisi, 7 Agosti

Sasa anajua.

Mama Jeanne aliuza samaki na marehemu mama yetu soko la Kadutu, Bukavu. Hapa Johannesburg ndiye mama tuliyebaki naye. Mgahawa wake ni meza chache, kitambaa cha plastiki cha maua, na pombe haijawahi kuingia. Mteja akiuliza bia anaambiwa kuna Fanta, na Fanta ikiisha kuna maji.

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku anasonga bugali, hakunitazama. Nilipomaliza akauliza neno moja: "Na Joël?"

Joël ni mdogo wangu. Ndiye anayempikia. Nikasema Joël hatakunywa, atapika tu.

Akaweka mwiko chini. Akanikumbusha Turffontein — kana kwamba nimesahau. Joël alikuwa askari wa getini kule, karibu na uwanja wa farasi, akanywa mshahara, akanywa simu, akanywa viatu. Tulimkuta ukutani mwa spaza, duka dogo la mtaani, mvua inamnyeshea, hajui kama ananyeshewa. Mimi nilishika miguu, Mama Jeanne akashika kichwa. Tangu hapo hajagusa. Mama Jeanne alimweka jikoni kwake siku aliyotoka hospitali na hajamtoa.

Anasema: ukumbi nitakupa, kwa ajili ya mama yako. Lakini siku hiyo Joël abaki nyumbani.

Nikasema bila Joël hakuna chakula. Na ni kweli! Hakuna mtu mji huu anayekaanga sambaza kama yeye. Tukaanza kupandishiana sauti. Kumbe Joël amesimama mlangoni na mfuko wa vitunguu.

"Mbona munaniongelea sawa vile niko sufuria? Muniulize mimi."

Mama Jeanne akaushika tena mwiko.

"Nitapika," akasema. "Kunywa, sitakunywa. Mama, sogea nikate vitunguu."

Yakaishia hapo. Nilijua tu. Namjua mdogo wangu.


Jumapili, 10 Agosti

Majaribio, hapa kwetu Troyeville. Baada ya ibada tulibadili nguo na kuingia jikoni, mimi na Joël. Tunafanya hivi: yeye anapika, mimi naonja chakula pamoja na sake, namwambia ninachosikia mdomoni, yeye anarekebisha. Yeye hagusi kikombe. Haina shida. Namtafsiria.

Sambaza na sake ya baridi — mbaya! Harufu ya samaki inapanda puani kama umefungua debe. Nilitaka kukata tamaa. Halafu nikakumbuka zile nzito, za rangi ya majani makavu, ambazo wenyewe wanazipasha moto wakati wa baridi. Nikatia moja kwenye chupa ya udongo, chupa nikaiweka kwenye sufuria ya maji moto. Nikaonja. Nikakaa chini.

Samaki akawa mtamu! Chumvi ikatulia. Nikasikia mpaka ule moshi wa kuni za kwetu, na sisi tumekaangia kwenye gesi.

"Ongeza ndimu kidogo?" Joël akauliza.

"Usiguse chochote."

Pilipili ikatutesa kidogo. Ile sake nyeupe, nzito, isiyochujwa, ndiyo iliyoweza kuizima. Joël aliitazama chupa kwa muda mrefu. Akasema inafanana na kasiksi, pombe ya ndizi ya nyanya yetu. Nyanya, kule kijijini Walungu, alikuwa akiivisha ndizi kwenye shimo, akizikanyaga pamoja na majani mpaka maji yatoke, akitia unga wa mtama. Watu wazima walingoja ichachuke. Sisi watoto tulipewa mutobe, ile juisi kabla haijawa pombe. Tulikuwa tukipigania machicha ya chini!

Joël anasema kwenye meza tuweke na mutobe. Kwa wasiokunywa. Wazo zuri sana, nimelichukua.

Alifungua dirisha, baridi yote hii. Harufu ya mafuta, nadhani.


Jumatano, 13 Agosti

Sambaza wamepatikana. Dada mmoja wa Goma, sokoni Yeoville, anawaleta kwa ndege. Wakavu, safi, macho yote yapo. Alitaka kujua ni harusi ya nani. Nikamwambia harusi ya Ziwa Kivu na Japani. Akanitazama kama nimelewa!

Mama Jeanne haongei na mimi zaidi ya salamu. Atazoea.


Jumatano, 20 Agosti

Bi Morikawa amefika! Nilimtarajia mrefu, sijui kwa nini. Ni mfupi, wa umri wa Mama Jeanne, nywele za mvi zimekatwa kama za mwanafunzi, mikono mikubwa myekundu. Mikono ya mtu wa kazi. Ananusa kila kitu. Amenusa mlango wa mgahawa, amenusa kitabu cha vyakula, amenusa koti la Gaël — Gaël akajiona mpaka nikacheka.

Kiingereza chake ni kidogo, changu kinatosha wawili. Aliuliza watu wa hapa hapa wanakunywa nini. Gaël akataja mvinyo wa Stellenbosch. Nikasema twende.

Nilimpeleka Bertrams, uani kwa mama mmoja wa Kizulu anayepika umqombothi, pombe ya mtama na mahindi. Tulikaa kwenye makreti. Inatoka kwenye ndoo ina povu la waridi, nzito, chachu, wote mnakunywa chombo kimoja. Gaël alijifanya ana simu. Bi Morikawa alipokea kwa mikono miwili, akanywa, akampitishia jirani. Kisha akauliza, utamu unatoka wapi kabla ya pombe? Mama akamwonyesha mtama uliooteshwa mizizi. Bi Morikawa akasema wao mchele hawauoteshi, wanaupandia kuvu, inaitwa koji, na hiyo kuvu ndiyo inayoleta utamu. Wakaanza kuulizana — mmoja Kizulu, mmoja Kijapani, mimi katikati na Kiingereza na ishara, natoa jasho kwenye baridi.

Halafu akapiga magoti kwenye saruji, akaweka sikio kwenye ndoo. Alikuwa akisikiliza povu. Anasema baba yake alimfundisha hivyo: pombe inayokua ina sauti, asubuhi hii na jioni nyingine. Yule mama wa Kizulu akacheka sana, akapiga magoti na yeye. Wanawake wawili wamelaza masikio kwenye ndoo!

Nikasema moyoni, Murielle, hii ndiyo kazi yako. Sio nyingine.


Ijumaa, 22 Agosti

Maji yamekatika. Yeoville yote. Eish!

Joël hakubabaika. Gaël ameleta matangi ya maji kwa bakkie, pikapu ya shemeji yake, amebeba mwenyewe, viatu vyake vimekwisha. Leo nimempenda kidogo.


Jumapili, 24 Agosti

Sijaenda kanisani. Miguu imevimba. Nimekaa kitandani na chai, jua limeingia mpaka kwenye blanketi, na nataka kuandika yote.

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyosema itakuwa, na mimi nilisema itakuwa nzuri mno!

Watu wa Sandton walishuka kwenye magari wakishika mikoba yao kwa nguvu. Baada ya sahani ya kwanza mikoba ilikuwa sakafuni. Nilianza na sombe na ile sake kavu ya baridi. Nikawafundisha kumega bugali, kuibonyeza kwa kidole gumba, kuchovya. Daktari mmoja alichovya mpaka mkono wa shati. Kisha sambaza na sake ya moto. Nilipita na chupa ya udongo meza kwa meza, simimini mpaka mtu atafune kwanza. Nilikuwa naziangalia nyuso. Kuna wakati mtu anaacha kuongea katikati ya sentensi. Hapo ndipo nilipokuwa napataka, na walifika hapo, meza moja baada ya nyingine.

Bi Morikawa aliwala sambaza wake na vichwa. Akasema kwao pia kuna samaki wadogo hivi, wanaliwa na sake ya moto theluji ikiwa dirishani. Akafungua mfuko wake, akatoa figili za kwao zilizokaushwa kwa moshi, akazikata, akataka Joël apelekewe jikoni. Joël akatuma jibu kupitia kwangu: zina harufu ya nyumba ya nyanya. Nikamtafsiria. Akaweka mkono kifuani.

Ndipo akasimama, akasema anataka kumwona mpishi.

Joël alitoka na aproni, anajifuta mikono. Watu wakapiga makofi. Na Bi Morikawa akakijaza kikombe chake mwenyewe, akakinyoosha kwake kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

Sikuwa nimemwambia. Nilimwambia habari za ziwa, za ndizi, za Bukavu. Hili sikumwambia. Nilikuwa upande wa pili wa chumba, chupa ya moto mkononi, meza zote katikati. Mama Jeanne alikuwa kwenye mlango wa jikoni, nyuma ya Joël. Nilimwona akishika fremu ya mlango.

Joël alikipokea. Kwa mikono miwili, kama alivyopewa. Akakiinua mpaka puani. Kikakaa pale. Makofi yakafa yenyewe.

Halafu akasema kwa Kiingereza, sauti yake ya kawaida: asante sana mama, lakini mimi fungu langu nilishalimaliza zamani. La kwangu na la jirani.

Kicheko! Chumba kizima. Bi Morikawa alielewa mwisho wa wote, nikimweleza, na alipoelewa hakucheka tena. Alikichukua kikombe, akakinywa yeye kwa mkupuo mmoja, akamwinamia Joël chini kabisa. Kisha akauliza yeye anakunywa nini. Joël akamletea mutobe. Akafumba macho. Akasema hii ni pombe ambayo bado imelala, msiiamshe.

Nilimwangalia Mama Jeanne. Nilimwangalia kwa jicho la kusema: umeona? Nilikuambia nini? Mdogo wangu ni mwamba!

Mama Jeanne aliingia jikoni kuosha vyombo.


Jumanne, 26 Agosti

Gaël alipiga simu asubuhi. Cape Town na Durban wamesikia. Wanataka chakula kama kile, sake kama ile, jioni baada ya jioni, mpaka Oktoba iishe. Nikaanza kupanga kichwani hata hajamaliza. Nguo gani, chupa zipi.

Kumbe anamtaka Joël. Joël na sufuria zake. Na mimi? Vraiment, Murielle, mgahawa hautakuachia miezi miwili, na Cape Town wana wamiminaji wao.

Nilisema vizuri kabisa kwamba nimefurahi. Kisha nikatoka nje kwenye maegesho nikapiga teke tairi la mtu. Wazo langu! Sombe yangu! Kibakuli changu!

Lakini mpaka teksi inafika robot ya Hillbrow, zile taa za barabarani, hasira ilikuwa imeisha. Kweli imeisha. Nilianza kumwona Joël na koti jeupe la mpishi, kando ya bahari, watu wanasimama kumpigia makofi. Nani alimkaribisha kwenye ile nafasi? Mimi. Basi inatosha. Nikampigia Gaël humo humo kwenye teksi, nikamwambia Joël atakubali, hilo halina mjadala. Aje Alhamisi amchukue wakaonane na watu wa Cape Town, wako mjini.

Nilipomwambia Joël alikuwa anamenya viazi. Akasema "ah bon", yaani kumbe. Akaendelea kumenya. Nikamkumbatia na viazi vyake. Ni furaha, haijui njia ya kutokea.


Alhamisi, 28 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini nimsindikize. Gaël anakuja saa nane. Niliamka mapema nikampigia Joël pasi shati la bluu.

Hakulivaa. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na fulana, akaniambia kaa, yaya, anavyoniita mimi dada yake mkubwa.

Akauliza kama nilimuuliza. Nikasema kuuliza nini? Akasema: kabla ya kumwambia Gaël ndiyo. Nikasema, Joël, kitu kama hiki mtu anauliza? Akasema ndiyo, anauliza.

Halafu akasema: "Yaya, ile siku ya Bi Morikawa unasemaga nilikuwa na nguvu."

"Ulikuwa nazo. Wote tuliona."

"Hapana. Nilikuwa na weye mbele na Mama Jeanne nyuma. Njo maana nilirudisha ile kikombe. Mkono ulikuwa haushuki. Ile maneno ya kuchekesha ilitoka yenyewe, sijui ilitoka wapi. Kama munakuwa hamuko, mimi na Wazungu tu mule ndani..." Akafungua kiganja, hakina kitu. "Sijui. Kweli sijui."

Nilikuwa na la kusema. Mimi huwa nina la kusema! Lakini nikamwona anavyonitazama, nikakumbuka ile Jumapili ya majaribio.

Nimeonja naye jikoni humu Jumapili nzima, namwambia harufu hii, utamu huu, joto hili. Nilikuwa namweleza mtu mwenye kiu namna maji yalivyo. Na hilo nikaliita kumtafsiria.

Nikasema basi, tumwambie Gaël hapana. Rahisi. Nitampigia mimi.

"Iyo sijasema," Joël akasema. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Anasema anataka kwenda. Hiyo ndiyo shida. Tangu Turffontein hajawahi kutaka kitu hivi, alikuwa anataka tu siku iishe. Sasa anaota sambaza. Anaota meza. Anataka watu wasiomjua wale chakula chake na wasijue kwamba aliwahi kuokotwa. Na anaogopa vibaya sana, vyote viwili kwa pamoja, toka Jumanne halali.

Mama Jeanne alimwambia nini? Nikauliza. Anasema Mama Jeanne alikataa kujibu. Alisema: muulize dada yako, yeye ndiye anayekuamini.

"Njo nakuuliza," akasema. "Unanijua tangu nazaliwa. Niko tayari ao siko tayari? Usiseme vitu vya kunifurahisha. Ukisema niende, nitaenda. Ukisema nibaki, nitabaki na sitakasirika."

Nikamwomba dakika moja. Nimekuja chumbani. Hizi ndizo dakika zenyewe.

Nikisema nenda, nikakosea, nitapigiwa simu na hospitali nisiyoijua na safari hii hakuna wa kushika miguu. Nikisema baki, atabaki kweli. Atazeeka kwenye jiko la Mama Jeanne, mpole, na kila akinitazama atajua dada yake alimpima akamwona haenei. Jumanne nilijibu kwa simu, kwenye teksi, kabla robot haijawaka kijani.

Namwangalia kupitia mlango. Amevaa shati. La bluu. Amekosea vifungo.

Honi. Gaël yuko chini.

Tena.

Joël amekuja mpaka hapa, amesimama kizingitini, koti mkononi. Hatoki, haingii.

"Yaya," anasema. "Acha kuandika. Sema."